Kidole Kilichobaki Kitupu

Kutu ya misumari ikinikaa mikononi, siwezi kutulia. Nyumba hii ninayojenga ni jasho langu mwenyewe. Niliondoka nchini mikono mitupu, nikarudi na diploma ambayo hakuna ndugu aliyenilipia. Lakini harufu ile ya kutu ikipanda, nazunguka kiwanjani kama mtoto aliyesahau alichotumwa.

Mama alikuwa akinyoosha misumari ya zamani kule mtaani kwetu Katwe na kuiuza kwa mafungu ya kumi kumi. Hakusoma, alihesabu kwa vidole. Mimi nilikuwa nimeanza chekechea.

"Mama, acha vidole vyako. Mimi najua kuhesabu."

Nikapanga mafungu mbio mbio, nikiimba namba kwa sauti ili majirani wasikie.

Baadaye fundi mmoja, mteja wake wa kila siku, akarudi na fungu lake mkononi. "Mama, leo misumari yako imefunga saumu? Au na wewe umeanza kutupunja?"

Watu wakageuka. Mama akalichukua fungu lile. Alinikalisha chini, akalaza msumari mmoja juu ya kila kidole changu. Kidole gumba cha mwisho kikabaki kitupu.

"Na hiki kitakula nini?"

Kumbe katika wimbo wangu nilikuwa naruka saba. Tulipanga upya mafungu yote, fundi akiwa amesimama pale pale, mikono kiunoni, mpaka la mwisho.

Leo fundi wangu ananiona nimechuchumaa kando ya boksi la misumari, anacheka. "Bosi, na diploma yote hiyo, bado vidole?"

Namwambia anyamaze kwanza, nimefika saba.