Kilichobaki cha Dada

Dada yangu alikufa Tororo, wodi ya wanawake, kwa jipu la titi. Alikuwa na kichanga cha mwezi mmoja. Jipu, jamani. Nchi imepata uhuru, penisilini inauzwa hata sokoni Busia kwa mtu wa sindano, na mtu anakufa kwa jipu. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali hiyo hiyo. Usaha wake niliupanda mwenyewe kwenye kisahani chenye damu ili vijidudu viote, nikaweka katikati kikaratasi kilicholowa penisilini. Kwa kawaida vijidudu hukaa mbali na kikaratasi hicho. Asubuhi nilivikuta vimekisogelea mpaka ukingoni, vya rangi ya dhahabu, vimenona. Daktari akanieleza kwamba vinatoa kimeng'enya, kama mkasi, kinachoikata dawa kabla haijavigusa. Tukipata cha kuuzuia mkasi huo, alisema, penisilini itafanya kazi tena. Kwa hiyo kidudu cha dada kilitakiwa kiishi kichunguzwe, na kazi ya kukilisha ikawa yangu.

Tulimzika kwetu mlimani, Masaba. Kwetu marehemu hurudi na vyake vyote, hata kitambaa cha hospitali, maana kikibaki kitu ugenini, naye hubaki njiani. Mama akaniuliza kama tumeacha chochote. Nikamwambia ukweli, kwamba kidudu chake kimebaki maabara.

Tangu hapo sikufungua jokofu kilimokaa bila kubisha hodi kwanza. Cheka ukitaka. Niliogopa kuitikiwa.

Siku moja Mama akaja na lori la mahindi. Nilijua amekuja kukichukua, na nisingeweza kumkatalia. Nikamwonyesha kisahani. Akakipokea, akakiinua kwenye mwanga.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho, Mama."

"Na kinaishi?"

"Kinaishi."

"Kinakula nini?"

"Damu ya kondoo."

Akanirudishia, akaondoka bila kuaga. Nililia mbele ya wenzangu wote.

Wiki iliyofuata alirudi akivuta kondoo kwa kamba, yule dume wake wa pekee. Akanikabidhi kamba mkononi.

"Kilishe," akasema. "Kisife kabla hamjaijua dawa yake. Yule mtoto aliyeniachia dada yako ni wa kike. Naye atanyonyesha."