Walisema Mujukuu Wangu Ananikula kwa Karata

Wamama wenzangu, mimi si muntu wa kusimama mbele. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu, baba akanitoa. Haya nimeyaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kubwa, nisisahau neno.

Miaka mingi niliuza samaki, mikebuka ya ziwa, hapa Kalemie. Beseni kichwani, tokea ufukoni mpaka sokoni, bila kupumzika. Nilikuwa munene, na nilijivuna. Nilikaa na mujukuu wangu Furaha, binti wa mutoto wangu marehemu. Alisoma hesabu mpaka akapata diplome. Ile diplome niliionyesha kila mugeni, hata mwenye kuja kuomba chumvi.

Kazi haikupatikana. Furaha akaanza kucheza karata za pesa kwenye telefone, na watu wa inchi za mbali wasiomuona. Muchezo unaitwa poka. Na alishinda! Akishinda alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Tukaweka mabati mapya. Frigo ikaingia. Watu wakaulizana: binti hana baba, hana mume, anashindaje kila mara?

Mwaka huohuo mwili wangu ukaanza kuisha. Kiu ilinishika, bidoni ya maji nikaimaliza peke yangu. Kukojoa hakukuwa na mwisho. Siku mafundi walipopigilia bati la mwisho, kikwembe nilichojifunga kiunoni kilinianguka mbele yao. Makalio ya kukishika yalikuwa yamekwisha. Kisha kidonda kikatoka kwenye kidole kikubwa cha muguu wa kushoto. Hakikuuma. Kilitoa usaha, kikanuka kama samaki waliosahauliwa katika beseni.

Halafu wakaja sisimizi. Nyuma ya nyumba, pale nilipokojoa, walijaa. Jirani yangu Mama Kabwe akawaona.

"Ee dada! Hawa wametumwa. Yeye anashinda, wewe unakonda. Mutoto amekutoa kafara wewe ili apate bahati."

"Nyamaza, Mama Kabwe."

"Nitanyamaza siku ya matanga yako."

Nilimufukuza, lakini neno lake lilibaki ndani. Kwetu muntu akipata mali haraka, tunatafuta ni ndugu gani alikufa. Nikaacha kula bukari aliyoisonga Furaha kwa mukono wake. Aliposema twende hospitali, nilikataa. Niliona nikitibiwa kwa pesa ya karata, nitakuwa nimekubali kuuzwa. Wiki tatu nilikunywa mizizi. Kidole kikawa cheusi.

Siku moja mchana aliweka sahani mbele yangu, nikaisukuma. Akaangalia sahani, akaniangalia.

"Bibi, unaamini mimi ni mulozi, ninakuloga?"

Sikujibu. Wamama, kule kunyamaza ndiko dhambi yangu.

Akafuta macho. "Basi amini. Lakini upande pikipiki."

Akanibeba mugongoni kama mutoto mpaka kwenye pikipiki. Nilikuwa mwepesi hivyo.

Hospitalini doktere alipima damu, akafunua kidonda.

"Mama, ni sukari. Imejaa katika damu, inatoka na mukojo."

Nikamuuliza habari ya sisimizi. Hakucheka.

"Wanafuata ile sukari, Mama. Hakuna aliyewatuma. Ungekuja mapema, kidole kingepona. Sasa tunaokoa muguu."

Walikikata. Kila asubuhi Furaha aliniosha, akamwaga mukojo wangu, hakuziba pua. Siku ya sita nikamuambia: "Nionyeshe hiyo bahati yako."

Akakaa kitandani pangu. Karata mbili zikaja kwenye telefone, akazitupa. Mbili tena, akazitupa. Mchana wote ni kutupa tu. Nikachoka.

"Sasa bahati iko wapi?"

"Haiko, Bibi. Ninahesabu, ninangojea. Nikipoteza ninanyamaza, nikishinda ninapiga kelele. Ninyi mulisikia kelele tu."

Nikalia. Mimi pia sikununua samaki wa kila mutumbwi. Nilifungua mashavu, nikatazama, nikapita. Watu waliniita mujanja wa soko. Yeye wakamuita mulozi.

Sisemi mufundishe watoto poka. Ile ingeweza kula nyumba yetu, na Furaha anajua. Sasa anafundisha hesabu kwenye shule ya hapa karibu. Mimi ninajichoma sindano, ninatembea na vidole tisa. Namushukuru Mungu, na doktere, na ule mugongo ulionibeba. Ukiwa na kiu isiyoisha, ukiona sisimizi kwenye mukojo wako, nenda upimwe damu. Kidole changu hakuna aliyekikula. Mimi njo nilikiacha kikaoza, kwa kumuogopa mutoto niliyemulea.

Juzi Mama Kabwe alikuja, macho chini.

"Dada, kwangu pia sisimizi wameanza."

Kabla sijafungua kinywa, Furaha alikuwa amekwisha kutoka kuita pikipiki.