Msalaba wa Nyambura

Nikikumbuka siku ile ya kufunga shule kabla ya Pasaka, mwanangu, hasira hunipanda upya. Nilikuwa kijana, nimerudi kutoka ng'ambo mwaka huohuo na diploma ya malezi ya watoto wadogo. Sikusomeshwa na mtu. Nilisugua vyoo vya watu huku nikisoma, na hapa Giakanja hakukuwa na mwalimu wa chekechea aliyesoma kunishinda. Nasema hivyo bila haya.

Watoto wangu walikuwa wametengeneza misalaba kwa maganda makavu ya mgomba na gundi ya unga wa ngano. Kazi rahisi: ganda refu, ganda fupi, gundi katikati, kisha unafinya. Nyambura, mtoto wa miaka minne, alizaliwa na mkono wa kulia usio na nguvu, na mama yake alimfanyia kila kitu, hata kumlisha. Siku hiyo alikandamiza ganda kwa kiwiko, akabandika peke yake. Msalaba ulipinda. Alicheka mpaka kamasi zikamtoka.

Nikawapeleka kunywa uji. Tuliporudi, mwalimu msaidizi, Wambui, alikuwa ameichoma misalaba yote kwenye shimo la takataka. Ukutani alikuwa ametundika yake aliyoitengeneza nyumbani, imenyooka, kila mmoja na jina la mtoto.

"Ati wazazi waone ile maajabu?" akaniambia. "Si watasema hatufundishi!"

Kabla sijamjibu, wazazi walianza kuingia. Mama Nyambura akaenda moja kwa moja ukutani.

"Ni wewe umetengeneza hii? Ona vile imenyooka!"

"Hiyo ni ya ticha," Nyambura akasema. "Yangu haiko." Akauficha ule mkono nyuma ya sketi.

Hapo nikawaka. Niling'oa misalaba yote ya Wambui mbele ya wazazi, nikamwaga maganda mapya mezani, nikawaambia watoto waanze tena. Mama Nyambura akasogea mezani kumsaidia bintiye.

"Keti!"

"Lakini mwalimu, huyu hawezi..."

"Nimesema keti, Mama Nyambura. Aliye na diploma hapa ni mimi."

Akaketi, machozi yakimtoka. Gundi iliingia kwenye nywele, ganda likaanguka, Nyambura akaliokota. Kiwiko, kidevu, kisha vile vidole dhaifu vikafinya. Akampelekea mama yake msalaba uliopinda kuliko ule wa kwanza.

"Shika. Usinyooshe."

Sasa wewe, mwanangu, uliyeajiriwa juzi kufundisha chekechea hapa, naona simu yako imejaa picha za vifaranga na mayai ya Pasaka ya karatasi, yaliyokatwa vizuri kupita uwezo wa mkono wa mtoto. Umeyakata wewe! Kila unapomkatia mtoto na kumbandikia, unamwambia hawezi, na yeye anakuamini. Mwonyeshe mara moja, kisha ufunge mikono yako. Mzazi akinung'unika, mlete kwangu.

Mungu akupe darasa la meza zinazonata, akupe na uvumilivu wa kutazama. Pasaka hii ikukute na amani, mwanangu.