Fimbo Iliyobaki Mlangoni

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, miaka ya sabini ikielekea mwisho, nilipotandaza vitu vyangu vyote uwanjani kwa mjomba wangu Guyo hapa Isiolo, nikavihesabu, kisha nikavihesabu tena. Ndoano. Uzi wa nailoni. Chumvi ya kukaushia samaki. Unga, majani ya chai, sukari. Turubai la kulalia. Madebe ya maji. Katikati ya hivyo vyote ilikuwa mifuko miwili mikubwa yenye kayaki ya kukunja, mtumbwi mwembamba wa turubai unaovutwa juu ya mbavu za mbao. Mpimaji barabara mmoja aliniachia alipokuwa anarudi kwao, nami nikampa kondoo wa mkia mnene. Alianza kwa kutaka kondoo watatu. Mwanangu, nilimchosha yule mtu.

Nilikuwa naenda na rafiki yangu Ekal, Mturkana wa hapa mjini, ambaye ndugu za mama yake wanaishi ukingoni mwa Ziwa Turkana. Mpango wetu ulikuwa kupanda lori hadi Loiyangalani, kisha kushuka kusini kwenye ghuba moja asikokaa mtu, tupige kambi, tuvue, tupumzike na kelele za soko. Ekal aliyajua maji tangu utotoni. Mimi kupiga kasia nilijifunzia mto Ewaso Nyiro, na mamba wa mle walinitazama kama wateja wasio na haraka.

Mjomba akatoka ndani na kikombe cha chai, akavizunguka vitu vyangu polepole.

"Salaam aleikum. Duka linafunguliwa lini?"

"Aleikum salaam, Abuya." Ndivyo sisi Waborana tunavyomwita kaka ya mama. "Si duka. Ni safari."

"Umehesabu?"

"Mara mbili."

"Na mtu wa kuwatafuta umemhesabu mara ngapi?"

Nikamwambia pale kwenye kizuizi cha barabara ya kaskazini askari wanaandika jina la kila anayepita.

"Askari anaandika kwamba umetoka," akasema, "na hiyo kazi anaifanya vizuri. Nani anaandika kwamba hujarudi?"

Nikajifanya nafunga mfuko.

Nikueleze jambo hili, maana nyinyi mmekua wakati ambapo halifanywi tena. Katika nyumba yetu, kijana akipelekwa fora, yaani na ng'ombe wa malisho ya mbali, huko upande wa Sericho ambako maji yenyewe ni ya kubahatisha, hakuondoka hivi hivi. Alimchagua mtu mmoja wa kubaki, akamwambia atalala wapi na atarudi siku gani. Kisha akaiacha fimbo yake ya kawaida mlangoni mwa mtu huyo, akaenda na nyingine. Mtu huyo hakusafiri tena mpaka kijana arudi. Hata akialikwa arusi, hakwenda. Siku ikifika na fimbo bado imesimama mlangoni, anaichukua na kumfuata mwenyewe. Hakungojea kuitwa.

Mimi niliona hayo ni mambo ya ng'ombe. Samaki nilidhani wana sheria zao. Lakini mjomba alinyoosha mkono, nami nikampa fimbo.

"Mtalala wapi?"

"Huko ziwani."

"Hiyo ni kama kuniambia mko duniani."

Ekal akacheka, akamweleza ghuba ile kwa vilima vyake na mwamba wake mweusi unaosimama majini mbele yake. Mjomba akamtaka aeleze tena. Kisha akanigeukia. "Siku?"

"Jumatatu ile nyingine," nikasema.

"Ijumaa."

"Abuya, barabara inaweza kuharibika. Jumapili."

"Ijumaa. Nina shamba Kinna, na zamu yangu ya maji ya mfereji iko karibu. Nikishika siku yenu siwezi kwenda."

"Basi Jumamosi, na hapo nimejiumiza mwenyewe."

Ekal akatikisa kichwa. "Huyu, mzee, hata Ramadhani angetaka ipunguzwe bei."

Mjomba akaenda kuisimamisha fimbo yangu mlangoni. Halafu akasema, "Haya. Jumamosi," akaweka mkono wake kichwani pangu na kunong'ona maneno ya amani, moja moja, kama mtu anayemnywesha ndama. Nilipanda lori nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda sokoni. Hata sikujiuliza nimeshinda nini.

Siku za kwanza zilikuwa tamu, na sitakudanganya zilikuwa mbaya ili nasaha yangu ipate nguvu. Upepo wa ziwa lile huamka usiku, hushuka kutoka mlimani ukisukuma kila kitu kuelekea katikati ya maji, na hutulia mchana ukianza kuzeeka. Kwa hiyo tulivua alasiri. Ekal alitaka tuhamie ghuba ya pili, akisema sangara wa kule ni wakubwa kama ndama. Nikakataa, si kwa hekima, bali kwa sababu nilishataja mahali, na bei ikishakubaliwa mimi huwa sirudi nyuma.

Alhamisi, siku ya tatu kutoka mwisho, kambare alimchoma Ekal kiganjani kwa ule mwiba wa pezi lake. Alifyonza, akatema, akaendelea kuvua. Jioni ile upepo haukungoja usiku. Ulitukuta nje, ukatushika ubavuni, na ingawa tulipiga kasia mpaka mabega yakaacha kuwa yetu, ufuo ulizidi kuwa mdogo. Kitu pekee kilichosimama kati yetu na ziwa lote kilikuwa ule mwamba mweusi. Tukaugonga. Turubai la kayaki likapasuka kuanzia pua hadi kiti, nasi tukapanda juu kwa magoti, tukiivuta ile kayaki kama mzoga wa mbuzi.

Kutoka pale tuliiona kambi yetu vizuri. Turubai la kulalia, madebe, mfuko wa sukari. Nilivihesabu kwa macho, vyote vilikuwepo. Kati yetu na hivyo vitu palikuwa na mamba.

Maji ya kunywa hayakuwa tatizo, maana ya ziwa yana magadi lakini hayaui. Samaki tuliwala wabichi. Tatizo lilikuwa ule mkono. Ulivimba hadi kifundo, kisha hadi kiwiko, na Ekal, ambaye hakuwahi kuninyima mzaha, akaanza kuongea kwa Kiturkana na mama yake aliyekuwa Isiolo. Nikamkinga upepo kwa mgongo wangu. Nikawa najiuliza mjomba anafanya nini saa hizi, nikakumbuka jinsi nilivyomsukuma hadi Jumamosi. Mwanangu, nimepatana bei na watu wa kila namna, lakini sijawahi kutamani hivyo kurudisha nilichopata.

"Mzee atafika lini?" Ekal akauliza, akiwa amefumba macho.

"Kesho kutwa, kama lori lipo."

"Ungemwachia Ijumaa yake."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Kesho yake, upepo ulipotulia, niliona moshi kambini. Nikadhani ni macho yangu yamechoka. Kisha nikaona mtu ameketi kando ya moto wetu, kilemba kichwani, fimbo imelala mapajani. Nikavua shati nikalipunga. Akainuka polepole, kwa magoti yale ya uzee, akaipandisha fimbo juu, na wavuvi waliokuja naye wakasukuma mashua yao ya mbao majini.

Walipomshusha Ekal ufuoni, mjomba aliutazama mkono ule. Wakambeba moja kwa moja kuelekea Loiyangalani, kwenye zahanati. Muuguzi alimwambia mjomba kwamba wangechelewa usiku mmoja zaidi, angekuwa anaongea nasi habari ya kuukata, au ya kuzika. Ekal aliondoka na vidole vyote vitano, kimoja kigumu hadi leo. Anakitumia kuninyooshea ninapozidisha ubishi.

Lakini kabla ya hayo, pale ufuoni, wavuvi wakiandaa machela ya kumbebea Ekal, mjomba alinimiminia chai. "Maji mengi hivi," akasema, akilitazama ziwa, "na hakuna hata ng'ombe mmoja anayekunywa." Kisha akaongeza, "Sukari yenu ilikuwa kidogo. Hukuhesabu vizuri."

Nikamwuliza amefikaje mapema. Kwa hesabu yangu angekuwa ndiyo kwanza anapanda lori.

"Jumamosi ilikuwa yako," akasema. "Ijumaa ilikuwa yangu. Alfajiri yake nilikuwa kwenye kizuizi cha barabara na fimbo."

Zamu ya mfereji kule Kinna ilimpita. Mahindi yake ya msimu ule yalikauka. Hakunitajia, niliambiwa na wengine, na mpaka anaingia kaburini hakunipa nafasi ya kulizungumzia.

Sasa wewe, mwanangu, umeniletea mpango wako wa kwenda kule kule, na vyombo bora kuliko vyetu. Nimeusikiliza. Nimechoka siku hizi, na kubaki nyuma kunachosha kuliko safari, jambo ambalo hakuna aliyeniambia nikiwa bado na miguu yenye nguvu. Unayekwenda, upepo unakushughulisha. Anayebaki anatazama mlango. Kwa hiyo sikukatazi. Ninakuomba haya tu: utaje mahali utakapolala, na usihame kwa ajili ya samaki mkubwa. Utaje siku. Umchague mtu mmoja wa kuishika, si watu wote, kwa sababu watu wote kila mmoja humtegemea mwenzake. Na ukirudi, pitia kwake kwanza kabla ya kwenda kujisifu, umwondolee mzigo.

Najua hutembei na fimbo. Basi acha kiatu hapa mlangoni, kimoja tu, ili nawe usiende mbali sana. Bishana nami kuhusu siku ukitaka, nitakubali ile unayoitaka, maana sina tena nguvu za soko. Lakini ujue nitakuwa barabarani siku moja kabla yake.

Mungu akutangulie na akurudishe. Upepo ukupite, maji yakuvumilie, na yule unayemwacha nyuma azeeke bila kukiinua kiatu chako.