App ilivyomwinua mama wodini Voi, mimi nikiwa Qatar

Wakuu, nawasalimu popote mlipo. Haya yamenipata mwenyewe, sijatia chumvi.

Mimi ni mtu wa Bura lakini niko Qatar, kazi ya security. Mama yetu tunamwita Mao, kwa Kidawida ni mama. Juzi hapa alishikwa na nimonia, akalazwa hospitali moja Voi.

Homa ilishuka, lakini Mao akakataa kutoka kitandani. Analala tu akiangalia ukuta.

Physio, yule wa mazoezi ya viungo, akamwonya dada yangu Wakesho kwamba mzee akilala sana miguu inaisha nguvu. Akaweka app kwa simu ya Mao. Inamwambia mgonjwa ainuke atembee, na sisi wa mbali tunaona kama ametembea.

Mao aliisikia mara ya kwanza akauliza, "Huyu msichana anayeniamrisha ni wa nani?" Akajifunika shuka.

Kumbe sauti inaweza kubadilishwa. Wakesho akanipigia. "Rekodi wewe, Mwakio. Labda wewe atakusikia."

Nilijifungia kwa choo cha kazini. "Mao, ni mimi. Inuka twende dirishani, uniangalilie milima yetu kama iko na ukungu." Nilirudia mara kadhaa, maana sauti ilikuwa inakatika.

Kesho yake niko getini, jua kali, simu ikatetemeka. Mao ametembea!

Nilipompigia Wakesho alikuwa analia. Mao alishika kitanda, akashika ukuta, polepole mpaka dirishani. Akaiambia simu, "Iko na ukungu, mwanangu. Wewe utakuja lini?"

Wakuu, ile ni rekodi tu. Haikumjibu.

Tangu hapo ikimwita anainuka. Na kila akifika dirishani anauliza vilevile. Physio alifurahi sana. Mimi nilikuwa nikiona notification nafurahi, halafu nalikumbuka hilo swali lake.

Sasa ameruhusiwa. Yuko Bura, anaenda kwa shamba lake la mboga mwenyewe, simu anaiacha nyumbani. Kwa hiyo app haionyeshi kitu tena. Bado naifungua kila break.

Nilichojifunza: mkiwa na mzee wodini, ulizieni hizi app, zinasaidia. Lakini wekeni sauti ya mtu wake. Halafu mkiweza, ifuateni hiyo sauti mpaka nyumbani. Mimi nimeomba leave, sijajibiwa.

Walio mbali na wazazi, akiwauliza mnakuja lini, huwa mnamwambia nini?