Kofia ya Babu Iliyo Ng'ambo

Nilikuwa nimeinamia cherehani dukani kwangu, Migori mjini, picha ilipoingia kwenye simu. Ilitoka kwa binamu yangu, muuguzi ng'ambo, ambaye siku hiyo alikuwa amewapeleka wanawe kuzuru jumba la makumbusho. Ndani ya kabati la kioo kulikuwa na kondo, ile kofia kubwa ya manyoya ya mbuni na meno ya kiboko ambayo wazee wa Kijaluo waliivaa zamani kwenye ngoma na matanga. Kando yake palibandikwa picha ya mzee aliyeivaa. Maelezo yalisema tu kwamba ni mwanamume wa karibu na Kendu Bay.

Binamu alikuwa ameandika maneno mawili: "Mtazame uso."

Nilimtazama, nikamwona baba yangu. Paji lilikuwa lile lile, taya zile zile, na jicho la kushoto lilifumba kidogo kana kwamba jua linaliumiza. Lakini baba hakuvaa kitu kama hicho maishani mwake. Alikuwa Msabato tangu utotoni. Huyu alikuwa baba yake, aliyefariki kabla sijazaliwa, na ambaye nyumbani kwetu hatukuwa na picha yake hata moja.

Siku hiyo nilishona mkono wa kulia wa gauni upande wa kushoto, nikaufumua, nikaushona pale pale tena. Nikafunga duka. Nikafungua. Mteja mmoja akaniuliza kama nimeuguliwa.

Ndugu yangu mkubwa, anayeishi katika boma la baba huko Kendu Bay, aliipokea picha kwa hasira. Yeye ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alizungumza mfululizo. Alisema tumeibiwa, na kwamba atawaendea wakubwa wa serikali mpaka kofia irudi. Hata mimi nilitaka irudi. Ila hakuna kati yetu aliyejua ilivyoondoka, na aliyebaki wa kutuambia alikuwa mmoja tu: shangazi, dada yake baba, aliyeolewa Sindo. Tukamwendea.

Tulimkuta ameketi mlangoni, mke wa mjukuu wake akianika omena uani. Aliishika simu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akakipangusa kioo kwa upindo wa leso.

"Hapa alikuwa amekonda," alisema.

Ndugu yangu akamuuliza ni nani aliyempora babu kofia hiyo.

"Hakuporwa. Alitoa mwenyewe."

Akatusimulia. Alikuwa msichana mdogo. Babu alikuwa kiongozi wa ngoma, akiitwa matangani hata kwa watu wa mbali. Kisha akabatizwa, akaambiwa kwamba Mkristo hachezi ngoma ya wafu. Akaitundika kofia ghalani. Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka vijijini kukusanya vitu vya kale alipofika na kuiulizia, babu aliitungua, akaivaa mara ya mwisho apigwe picha, akampa. Waumini wakaimba kwa furaha.

"Lakini baada ya hapo hakutulia," shangazi alisema. Alianza kujenga ghala jipya akaliacha bila paa. Alishuka ziwani kuoga akarudi na vumbi lake mwilini. Na vijana walipopita na ng'ombe na mikuki, wakipiga kelele kufukuza mauti katika boma lenye msiba, yeye alisimama langoni na Biblia kwapani, miguu yake ikicheza.

Ndugu yangu aliichukua simu, akautazama tena uso wa babu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu aliyeambiwa achague kati ya mbingu na kofia yake hakutoa, alilazimishwa.

"Mwanangu," shangazi alimjibu, "nilimwona akitoa. Nilimwona akijuta pia. Yachukue yote mawili."

Binamu alituombea kwa wenye jumba, wakakubali kutuonyesha kofia kwa simu ya video. Tukakusanyika sebuleni kwa ndugu yangu, shangazi tumemleta. Mwanamke mwenye glavu aliigeuza taratibu: mbele, nyuma, ndani. Shangazi aliitazama kwa muda, kisha akaniambia nimwombe yule mama aivae, ili yeye aione kichwani mwa mtu.

Nilitafsiri. Yule mwanamke akatabasamu, akaomba radhi. Alisema hairuhusiwi, kwa sababu zamani vitu hivyo vilipakwa dawa kali ya kuua wadudu, na dawa ile bado imo.

Nilipomweleza shangazi, alinigeukia. "Waliitia sumu?"

"Ndiyo, waya," nilimjibu, kama tunavyomwita shangazi kwa Kijaluo.

Aliomba atolewe nje, apunge upepo. Nilimshika mkono, tukatembea uani huku na huku, naye akinivuta kila niliposimama.

Tangu hapo wenye jumba wameliandika jina la babu chini ya picha. Shangazi aliponisikia nikimsomea, alinitaka nisome tena. Kuhusu kofia yenyewe, wanasema bado wanajadiliana. Ndugu yangu hajakoma kuwasumbua. Mimi, msafara wa msiba wenye ng'ombe ukisikika, naiacha cherehani na kutoka hadi barabarani, bila kujua natafuta nini.

Juzi ndugu yangu alinipigia simu. Alitaka kujua, wakiirudisha kweli, tutaiweka wapi. Kanisani hawaitaki, na yeye kama mzee wa kanisa hawezi kuitundika nyumbani kwake. Nikamwambia labda makumbusho ya huku kwetu.

"Yaani tuitoe kwenye kioo, tuitie kwenye kioo?" alisema.

Hakukata simu, nami sikukata. Nilisikia mvua ikianza kupiga mabati upande wake, na yeye akihama kutoka chumba hiki kwenda kile.