Kiatu Ndani ya Dohani

Ami yangu kule Pemba alikuwa na punda mwizi wa mihogo. Siku moja kaingia konde ya watu, nami nyuma yake mbio, sikuiona chupa iliyotundikwa mtini kwa kitambaa chekundu. Ilikuwa kago, ya kulinda konde. Nikaiangusha. Mguu ukanivimba siku saba. Labda ulikuwa mwiba, mimi shule niliachia darasa la tatu, ya madaktari siyajui. Ila tangu hapo, kitu alichoweka mtu kulinda pake sikigusi.

Miaka ya tisini nakaa Edmonton, kwa Waingereza, nafanya vibarua vya ujenzi. Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Mbili za kabla zilitoka, na umri wetu ulishakwenda. Hata kumwambia mtu nikiogopa.

Mimi na vibarua wenzangu tukapelekwa kutengeneza nyumba ya wakulima wa zamani, imebaki peke yake ukingoni mwa mji, imelalia upande. Milango mifupi, unapita kama unayerukuu. Boriti za mwaloni nyeusi, zimepinda vilevile zilivyopinda mtini, zimeshikizwa kwa vigingi, msumari hakuna. Tulipobandua plasta, ndani fito na udongo na mavi ya ng'ombe. Nikacheka, kumbe na hawa walikandika. Meko yao ukutani, mtu mzima anaingia akasimama, na akitazama juu anaona mbingu. Lakini boriti ya juu yake imechorwa maduara na kuunguzwa kwa mshumaa, alama nyingi, kama za kago. Kicheko kikaniisha.

Msimamizi, Mwingereza, akataka dohani ya kutolea moshi isafishwe. Nikapapasa ndani, kwenye kijishimo, nikagusa ngozi. Kiatu cha mtoto, kimoja, kisigino kimelika. Nikakiacha, nikatoka.

"Kuna nini?" akauliza mwenzangu, Mkongo.

"Kiatu cha mtoto. Fingo, ya kinga. Nyumba hii imezindikwa."

"Mzee, mutu mukubwa unaogopa kiatu ya mutoto?"

"Kitoe weye basi, mlokole."

"Bosi alituma weye. Miye niko na simenti hapa."

Na hakusogea.

Msimamizi akaja, akasema nitoe vyote vilivyomo, kisha tukanywe chai. Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza kuwa mtu aliweka kiatu cha mwanawe pale ili watoto wasidhurike, na wangu hajazaliwa. Nikaingiza mkono tena. Vidole vikafika. Nikamwona mke wangu asubuhi ile, kalalia ubavu, kiganja tumboni.

Nikautoa mkono mtupu, nikanawa kwenye ndoo, nikachukua koti.

"Unaenda wapi, mzee?"

Nikainama mlangoni, nikashika njia ya kituo cha basi, na kule sikurudi tena.